Klabu ya karate kwa mtoto wa miaka minane: nitajuaje kama ni ya kweli na bei yake ni ya haki?

MamaPili
Habari zenu wadau. Mwanangu wa kiume ana miaka minane na amenishikia bango anataka karate. Mimi hata kufunga ule mkanda sijui.

Nimepata klabu mbili. Ya kwanza ina ukumbi wa kupendeza, vikombe vimejaa kabatini, na mwalimu anajitambulisha kuwa bingwa wa dunia. Wanataka nisaini mkataba wa mwaka mzima nilipe kwa mkupuo, na wameniahidi mkanda mweusi ndani ya miaka miwili. Wazazi haturuhusiwi kukaa ndani, eti watoto wanapoteza umakini. Ya pili inatumia ukumbi wa kuazima, mikeka wanatandika wenyewe, ada ni kama nusu ya ile na unalipa mwezi kwa mwezi. Mwalimu hana maneno mengi. Mume wangu anasema rahisi huwa ghali. Nishaurini.

Kipepeo
Hiyo ya kwanza kimbia. Mlango kufungiwa wazazi peke yake kunatosha, mengine wala usiulize.

Mkanda_Chakavu
Nimefundisha watoto judo kwa miaka mingi, kwa hiyo nina upendeleo wangu, upunguze unaposoma.

Vikombe viache kabatini. Vinaonyesha kwamba aliwahi kuwapo mtoto hodari, havisemi wale wasio hodari walifanywa nini. Nenda siku ya kawaida, si siku ya maonyesho, ukae tangu watoto wanaingia hadi wanavaa viatu. Kisha mchague mtoto mmoja tu wa kumtazama: yule mdogo, mzito au mwoga, anayejibanza mwisho wa mstari. Mfuate yeye kipindi kizima. Mwalimu anamwita kwa jina lake? Akikosea anarekebishwa au anachekwa? Wakati wa kupambana anapangiwa nani? Mwalimu anayejua kazi yake humpa wa uzito wake, au mkubwa mtulivu anayeweza kujizuia. Asiyejua huwapanga walivyosimama, mtoto wa kilo 25 akaangukia mikononi mwa wa kilo 40. Huyo wa mwisho wa mstari ndiye mwanao wiki ya kwanza, mama.

Kwenye judo unamjua mwalimu mapema, kwa sababu kitu cha kwanza kufundishwa ni kuanguka. Mtoto anaanza akiwa amechuchumaa. Kidevu anakiweka kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wake, anajiviringisha kinyumenyume na mikono yote miwili inaupiga mkeka kuanzia kiganja hadi kiwiko. Kichwa hakigusi chini. Anarudia hivyo mpaka anachoka nacho, ndipo anafanya akiwa amesimama, ndipo mwenzake anamwangusha taratibu. Ukiona mtoto wa siku ya kwanza anarushwa, mchukue wako muondoke.

Kwenye karate muulize mwalimu: mtoto akipigwa kichwani akaona kizunguzungu, mnafanyaje? Jibu ni moja tu. Anatolewa, harudi mazoezini siku hiyo, mzazi anaambiwa, na mtaalamu wa afya anamwona kabla hajarejea. Akikwambia "sisi hapa tunawakomaza", mshukuru kwa muda wake.

Sasa huo mkanda mweusi wa miaka miwili. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 rangi hizi zote hazikuwapo, zimekuja baadaye. Na hakuna chombo kimoja cha dunia kinachopangia michezo yote rangi za watoto. Klabu inaweza kujiongezea mikanda, ikaongeza vijistari kati ya mkanda na mkanda, kila kijistari na mtihani wake, kila mtihani na ada yake. Biashara imejificha hapo. Wenye utaratibu wao hawana haraka: kwenye taekwondo, Kukkiwon, chombo cha Korea kinachotoa vyeti vya mkanda mweusi, humpa aliye chini ya miaka 15 daraja la poom, yaani la watoto, badala ya dan, la wakubwa. Kwenye jiu-jitsu ya Brazil, kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, hazimruhusu mtu kuvaa mkanda wa bluu kabla ya miaka 16, wala mweusi kabla ya 19. Anayekuahidi mkanda mweusi kabla hajamwona mtoto akipiga hata teke moja anakuuzia kitambaa.

Huyo "bingwa wa dunia" muulize kwa heshima tu: bingwa wa shirikisho gani, mwaka gani, uzito gani? Karate ina WKF, judo ina IJF, taekwondo ina World Taekwondo, na matokeo yao yako wazi kwa kila mtu. Lakini vipo pia vyama vingi vidogo vyenye neno "dunia" kwenye jina, ambavyo bingwa wake alishindana na watu wa ukumbi mmoja. Hata akiwa bingwa kweli, kupigana na kufundisha watoto ni kazi mbili tofauti. Mimi ningeuliza kwanza cheti chake cha ukocha na cha huduma ya kwanza.

BabaWawili
Naongezea upande wa pesa, maana uliniuma. Usiulize "ada ya mwezi ni kiasi gani". Uliza "mpaka mwaka uishe nitakuwa nimetoa jumla kiasi gani, na niandikie". Mimi niliambiwa ada ikaonekana nafuu. Baadaye nikaambiwa sare lazima iwe na nembo yao, inanunuliwa kwao tu, na ni ghali kuliko ya dukani. Ikaja ada ya uanachama, ikaja bima, vikinga vya mikono na miguu, mtihani kila baada ya miezi michache, na mtihani "maalumu" kwa walioshindwa ule wa kawaida. Nilipotaka kumtoa binti, mkataba ukasema lazima nimalizie mwaka. Jina la klabu silitaji.

Sikatai kulipa. Bima, mikeka mizuri na ukumbi vina gharama zake, na klabu ya rahisi isiyo na bima inaweza kuja kukutia hasara kubwa zaidi. Muulize huyo wa ukumbi wa kuazima kama ana bima. Sare ya kwanza chukua iliyotumika, kubwa kidogo, mikono unakunja.

MamaPili
Asanteni sana. Mkanda_Chakavu, mzee wangu, kwa hiyo unasema nimpeleke judo badala ya karate?

Mkanda_Chakavu
Hapana, mama. Mpeleke anachokipenda kwa mwalimu mwema. Ila ujue karate si kitu kimoja. Shotokan na Goju-ryu kwa kawaida zinafundisha kulidhibiti pigo, na watoto hutumia muda mwingi kwenye kata, yaani mfuatano wa mapigo anaoufanya mtu peke yake bila mpinzani. Kyokushin ni ya kupigana kwa nguvu, ngumi na mateke yanafika mwilini kwelikweli. Kwa hiyo muulize mwalimu ni mtindo gani, na watoto wa umri huu wanaruhusiwa kugusana kiasi gani, hasa kichwani.

Yule asiye na maneno mengi, mwombe vipindi viwili vitatu vya kujaribu kabla ya kulipa. Na simu: mwalimu awasiliane na wewe au na kundi la wazazi, asimtumie mtoto ujumbe pembeni. Akisema ana mafunzo ya ziada ya mtoto mmoja mmoja, awepo mtu mzima wa pili au ukae wewe. Asiye na nia mbaya hachukii kuambiwa hivyo, mimi mwenyewe wazazi wameniambia na nikawaletea kiti.

Kipepeo
Na watoto wanabadilishia wapi nguo, hilo mliangalie pia. Kwetu tulikubaliana wanakuja wameshavaa, na kwenda chooni wanakwenda wawiliwawili.