Tunaleta mtoto wa paka nyumbani, wifi ana mimba na kijana ana pumu. Tuanzie wapi?

MamaWawili_Tudor
Asalaam aleikum jamaa. Paka wa jirani yetu amezaa, na watoto wangu wameshajichagulia mmoja, mweupe mwenye doa jeusi sikioni. Baba yao amekubali. Ila nyumba yetu ina watu wengi na tuko ghorofa ya tatu. Mavyaa anaishi nasi, wifi yangu ana mimba ya miezi minne, na kijana wangu wa miaka tisa ana pumu, ingawa kwa sasa ametulia. Mdogo wake ana miaka minne, kila chenye mkia anakivuta. Mavyaa hana neno na paka, anachouliza ni atakojoa wapi, kwa sababu yeye huswali ukumbini. Wifi naye ameambiwa na wenziwe kazini kwamba paka huharibu mimba. Sitaki kiumbe wa Mungu aingie kwangu, kisha wiki ya pili tuanze kutafuta wa kumpa. Nitayarishe nini kwanza?

BintiKibokoni
Waaleikum salaam mamaangu. Mavyaa wako ana haki. Paka mwenyewe si najisi, hadithi ya Abu Qatada inajulikana, lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi. Kwa hivyo mahali pa beseni la mchanga mwachie yeye achague, na achague kabla paka hajaingia. Mtu mzima akiulizwa mapema roho yake hutua. Msala ukishaswaliwa ukunjwe uwekwe juu. Sisi beseni letu tunatia vumbi la mbao, mafundi seremala wengi hukupa bure, halina uzito wa kupandisha ngazi kama mchanga.

NesiMstaafu
Mwambie wifi asiogope, ila asipuuze. Ugonjwa wenyewe unaitwa toksoplasmosisi, na kweli unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Paka huupata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha vijidudu hutoka na kinyesi. Lakini kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, vijidudu huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Basi beseni lisafishwe kila siku, na lisafishwe na mtu mwingine. Wifi asiliguse kabisa. Paka naye apewe chakula kilichopikwa, asiachwe kuwinda. Halafu kuna jambo watu husahau: wengi huupata kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, wala si kwa kumshika paka. Hata kama hamtamchukua paka, mishikaki ya wifi iive sawasawa. Na amueleze daktari wake wa kliniki kwamba nyumbani patakuwa na paka.

BabaWatatu_Likoni
Mimi nasema ngojeni. Wangu ana pumu pia, tulileta paka bila kumjaribu mtoto, usiku wa pili tukawa hospitalini. Kumrudisha paka ilikuwa kilio nyumba nzima.

NesiMstaafu
@BabaWatatu_Likoni pole sana ndugu yangu. Ndiyo sababu ajaribiwe kwanza. Kijana awe anakwenda kwa jirani kucheza na huyo huyo paka, siku tofauti, na dawa yake ya kuvuta awe nayo mkononi. Kinachochokoza kifua kiko kwenye mate na ngozi ya paka, manyoya huyasambaza tu, kwa hivyo usidanganywe na paka wa manyoya mafupi. Akikohoa au akibanwa, jibu mmelipata, mwacheni paka alipo. Akiwa salama, bado paka asiingie chumba anacholala, na zulia liondolewe, mkeka hupangusika.

MifugoKisauni
Nafanya kazi na daktari wa mifugo, niongeze machache. Asitolewe kwa mamake kabla ya wiki nane. Dawa ya minyoo mapema, chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu (paka pia huupata na huuambukiza), kisha mpelekeni akafungwe uzazi kabla hajaanza kuzurura. Huyo wa miaka minne mfundisheni sasa: paka akila au akilala haguswi. Akikwaruzwa au kuumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali.

Naomba sana, Panadol asipewe hata kipande, humuua paka. Na dawa ya viroboto ya mbwa msimpake, nyingi zina permethrin, nayo ni sumu kwake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, maji yatosha. Vichwa vya samaki vichemsheni na mtoe miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa ikipasuka hukata utumbo.

MamaWawili_Tudor
Shukran nyote, Mungu awalipe. Mavyaa amechagua kona ya varanda ya jikoni, na amesema kulisafisha beseni ni zamu ya mwanawe, yaani mume wangu. Kijana ataanza kwenda kwa jirani Jumamosi, na tusipoona dalili tutangoja wiki nane zitimie. Ila varanda ina vyuma vyenye nafasi pana, huyu paka mdogo si atapenya?

MifugoKisauni
Atapenya, na ghorofa ya tatu si mchezo. Nunueni wavu wa waya wa kufugia kuku, madukani ya vifaa vya ujenzi hukatiwa kwa mita. Ufungwe kwa ndani kuanzia sakafuni hadi juu, kwa sababu paka hupanda. Madirisha ya vyumbani pia, kabla ya siku ya kumchukua.