Naomba ushauri: mtoto anauliza ile saa moja imekwenda wapi

Habari zenu wadau. Binti yangu wa miaka 6 haelewi kwa nini tunasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kama nchi nyingi za Ulaya. Nimemweleza kwamba jua halibadiliki, ni sisi tunaoamka mapema ili jioni ibaki na mwanga zaidi, na saa hiyo inarudi Oktoba. Akauliza imehifadhiwa wapi! Nikashika saa ya ukutani, nikasogeza mshale kutoka saa nane usiku hadi saa tisa. Mshale kauelewa, sababu hapana.

Kinachoniumiza ni wakati wa kulala: nje bado kweupe, anaona namdanganya. Waliopitia hili, mlianzia wapi? Kumlaza dakika 10 mapema kila siku kabla ya mabadiliko kunasaidia?