Mafua ya mzio wa msimu: maji ya chumvi, asali, mitishamba au kuzuia chavua tu? Kipi kimekusaidia kweli?

Mama Tatu
Wakuu, salaam. Kila mwaka nyasi zikianza kuchanua, nyumba yangu inakuwa ya chafya. Naamka alfajiri napiga chafya kumi na mbili, kumi na tano mfululizo, kaakaa linawasha mpaka nalikwangua kwa ulimi, macho yamevimba. Sasa binti yangu wa miaka tisa naye ameanza, na ndiyo iliyonileta hapa. Vidonge nilivyokuwa nameza vinanituliza ila vinanilaza, na kazi yangu haitaki mtu anayesinzia.

Nimekusanya njia nne ambazo watu wanazisifia: kuosha pua kwa maji ya chumvi, kijiko cha asali ya eneo lako kila siku, mitishamba, na kuizuia chavua isikufikie. Naomba aliyejaribu aniambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba haikumsaidia.

Mfuga Nyuki
Pole dada, na mwanao pia. Nianze na asali kwa sababu ndiyo kazi yangu, nakula asali mwaka mzima na bado msimu ukifika napiga chafya.

Wazo lenyewe linavutia: nyuki anakusanya chavua ya kwenu, wewe unaila kidogo kidogo, mwili unaizoea. Tatizo ni kwamba chavua anayobeba nyuki ni nzito na ina unato, ndiyo maana inaganda miguuni mwake. Inayotutesa sisi ni ile nyepesi ya nyasi, miti na magugu, inayosafirishwa na upepo. Mimea hiyo mingi haimhitaji nyuki, kwa hiyo chavua yake kwenye asali ni ya bahati tu. Mwaka 2002 watafiti wa Connecticut, Marekani, waliwagawa watu 36 makundi matatu: asali ya eneo lao isiyochujwa, asali ya kiwandani, na sharubati yenye ladha ya asali. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko lingine. Nilipoisoma iliniuma, maana wateja wangu wengi wanakuja kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi nawaambia waziwazi.

Tunu
Mfuga Nyuki, nakuheshimu, lakini mimi nikilamba asali usiku kikohozi kinatulia na koo haliwashi. Hilo siwezi kulikana.

Mfuga Nyuki
Wala sikukatalii hilo, dada Tunu. Kutuliza koo na kikohozi asali inaweza. Ninachosema ni kwamba haiugusi mzio wenyewe. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli, ambavyo utumbo wake haujaweza kuvikabili.

Fundi Paa
Mimi nashinda juu ya mapaa, upepo wote wa msimu unapita usoni kwangu. Kilichonisaidia kuliko vyote ni maji ya chumvi. Sababu yake ni nyepesi: chavua imekaa kwenye ute wa pua, unaitoa kabla haijaendelea kukuchokoza. Haihitaji kuamini chochote.

Navyofanya: nusu lita ya maji vuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, chumvi safi isiyo na madini joto wala viungo. Inakaribia uchumvi wa machozi, ndiyo maana haichomi. Ikikuchoma, ama umezidisha chumvi ama umepunguza sana, maji matupu nayo yanachoma. Nainama juu ya beseni, nageuza kichwa upande, napumua kwa mdomo, naminya taratibu chupa laini ya kuoshea pua. Maji yanaingia tundu la juu yanatokea la chini. Mara ya kwanza utahisi kama umezama mtoni, ya tatu umeshazoea. Nafanya jioni nikitoka kazini, mara moja inanitosha.

Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi, naomba niongezee pale Fundi Paa alipopita haraka, kwa sababu ni pa hatari: maji. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja, hata kama unayanywa kila siku. Yachemshe yatokote kwa dakika 1, na kama unaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari dakika 3, kisha yaache yapoe. Maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha maji tena, nayo yanafaa. Kuna amiba, kijidudu cha majini, aitwaye Naegleria fowleri, ukimmeza tumbo linammaliza, ila akipitia puani anaweza kufika kwenye ubongo. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ni nadra sana, lakini kinga yake ni sufuria na dakika moja. Chupa nayo ioshwe na ikaushwe kila baada ya kutumia.

Kuhusu ushahidi: tathmini ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba kwa pamoja, iliona kwamba kuosha pua huenda kunapunguza dalili kwa wakubwa na watoto, ila tafiti zenyewe zilikuwa ndogo na dhaifu. Nami wodini naiona hivyo, inasaidia, haiponyi. Mtoto wa miaka tisa anaweza, akiwa na mtu mzima pembeni. Sikio likimuuma, aache.

Mpenda Mimea
Upande wa mitishamba nimezunguka sana, nitasema yenye uzito tu.

Wenye nguvu kweli ni Petasites hybridus. Mwaka 2002 watu 125 wa Uswisi na Ujerumani walilinganishwa, wengine wakipewa dondoo la mmea huo, wengine setirizini, dawa ya kawaida ya mzio, na baada ya wiki mbili matokeo yalikaribiana. Nilifurahi niliposoma, halafu nikaendelea kusoma. Mmea ule kwa asili una kemikali ziitwazo alkaloidi zinazoharibu ini, inabidi ziondolewe kiwandani, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaonya watu wasitumie bidhaa zake zisizo na leseni. Nikaacha. Kupunguza chafya kwa kuhatarisha ini si biashara ninayoitaka.

Urtica dioica, ule wenye vinywele vinavyowasha ukiugusa, nilikunywa chai yake msimu mzima bila kuona tofauti. Na wanaopenda chai ya maua ya kamomili wajue ipo ukoo mmoja na Ambrosia, gugu linaloongoza kwa mzio sehemu nyingi. Kama Ambrosia ndiyo adui yako, chai ya kamomili inaweza kukuwasha zaidi. Neno "asili" lilinidanganya kwa miaka, sitaki likudanganye na wewe, hasa kwa mtoto.

Zamu ya Usiku
Umesema vyema. Na tukiwa kwa mtoto: Mama Tatu, binti akianza kupumua kwa mluzi, kubanwa kifua au kukohoa usiku, hiyo si ya kutibu kwa njia yoyote iliyotajwa hapa, ni ya daktari. Mzio wa pua na pumu mara nyingi hutembea pamoja. Novemba 2016 dhoruba ya radi ilipita Melbourne, Australia, wakati wa chavua ya nyasi, chembe zikapasuka vipande vidogo vinavyofika ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali na watu 10 walifariki, na si wote waliokuwa wanajijua kuwa na pumu. Kwa hiyo mvua ya kawaida inasafisha hewa, ila radi ikikaribia msimu huo, mwingize ndani ufunge madirisha.

Na vidonge visikukatishe tamaa, vipo ambavyo havileti usingizi mwingi kama ule wa vidonge vya zamani. Muulize mfamasia.

Mama Tatu
Asanteni mno. Nimefanya jambo moja usiku huu. Nimepangusa foronya ya binti kwa kitambaa cheusi chenye unyevu, kikatoka na unga wa njano. Nimekaa kitandani nikakitazama kile kitambaa. Mtoto anajilaza humo kwa muda wa saa tisa kila usiku, mimi nahangaika na asali.

Fundi Paa
Hapo umegusa penyewe. Nywele zake ndizo zinazobeba. Aoge na aoshe nywele jioni badala ya asubuhi, nguo za kutwa zisiingie chumbani, na mashuka msiyaanike nje msimu huu. Mimi kazini navaa barakoa na miwani iliyofunika pembeni, chembe ya chavua ya nyasi ni kubwa kiasi kwamba barakoa ya kawaida inayokaa vizuri inaizuia. Mafuta mazito kidogo ukingoni mwa pua nayo yanainasa. Chujio la hewa la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana, ni zuri chumbani kwa mwenye uwezo, ila bila kufunga dirisha ni kazi bure.

Mama Tatu (wiki tatu baadaye)
Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Tumefanya nywele jioni, foronya kila siku ya pili, dirisha kufungwa, na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Asali tunakula kwa utamu wake. Binti siku nyingi analala mpaka asubuhi. Chafya zangu za alfajiri sasa ni tatu au nne, na kidonge nimebadilishiwa, nameza siku za upepo tu. Ila kuna jambo linanisumbua: saa nzima baada ya kuosha pua nikiinama kufunga viatu, maji yanamwagika ghafla.

Fundi Paa
Yamebaki kwenye uwazi ulio ndani ya mifupa ya uso, hayana neno. Ukimaliza kuosha, inama kichwa kiangalie chini, geuza kulia na kushoto, halafu penga taratibu matundu yote mawili kwa pamoja. Usizibe moja ukapenga kwa nguvu, utayasukuma sikioni. Mfundishe na binti hivyo hivyo.