Mke wangu anaigiza mwanamke anayepigwa, mtaani wanajua mimi ndo nampiga

Baba Nasri
Habari za jioni wadau. Naomba mnisikilize maana hili jambo limenikaa kifuani karibu mwezi mzima na sina wa kumwambia, nikimwambia kaka yangu najua atasema mtoe huko basi.

Tupo Mbagala, nyumba ya kupanga, mi fundi friji na feni, mke wangu ana genge la nyanya na mboga hapo nje. Mwaka wa pili huu yuko kwenye kikundi cha maigizo cha hapa kwetu, watu kama kumi na mbili, kuna mwalimu, mama lishe wawili, vijana wa bodaboda. Sio kazi ya hela, wakiitwa mahali wakalipwa anarudi na nauli na hela ya soda, wasipoitwa wanachanga wenyewe. Mazoezi Jumanne na Alhamisi kwenye darasa la shule ya msingi, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja na kitu usiku. Siku hizo mi ndo nafunga genge, naogesha watoto, napika, na sijawahi kulalamika hata mara moja kwa sababu namuona akirudi amechoka lakini uso una nuru, anaongea mpaka tunalala.

Na mistari tunakariri wote. Yeye anaosha vyombo mi nashika daftari nasoma sehemu ya mume, yeye anajibu, akikosea tunarudia.

Sasa igizo la safari hii linahusu mume anayempiga mkewe, la zile Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia tarehe 25 Novemba mpaka 10 Desemba, wakati huo kikundi kinaitwa kila mahali. Siku ya viwanja vya Zakhem wamemchora jicho limevimba kwa wanja na lipstiki, kumaliza hakuna maji, giza limeingia, akapanda bajaji na jicho lake mpaka mlangoni. Mama wa kuuza samaki kamuona, wapangaji wamemuona. Na hawa wapangaji ndo hao hao walikuwa wanasikia kila usiku sauti yangu kupitia juu ya ukuta, maana nyumba zetu hizi dari hazijazibwa, "nani kakupa ruhusa ya kutoka?", alafu yeye analia. Mi nilikuwa nasoma tu daftari jamani!

Kesho yake mama mwenye nyumba kaniita pembeni, baba Nasri, mwanamke hapigwi. Nikamwambia ni igizo mama, akaniangalia tu kama anamuonea huruma mtu. Wateja wawili wa kike waliokuwa wananiita niende kwao kutengeneza friji wameacha. Mkwe kapiga simu kutoka Kilwa, habari imefika huko. Na mwanangu Nasri ana miaka sita, siku ya onyesho alikimbia katikati akaanza kumpiga mateke yule kaka anayeigiza mume, na usiku akaniuliza kama na mimi nitampiga mama.

Sitaki aache. Naliandika hili kwa herufi zote, sitaki aache. Lakini nikianza kumwambia haya naona ataona namuwekea mtego wa kumtoa. Wenye waume na wake waigizaji mnaishije?

Mwanaidi wa Tanga
Pole sana baba Nasri. Mume wangu miaka minne kaigiza mlevi, kila Siku ya Ukimwi Duniani tarehe 1 Desemba ndo yeye na chupa yake, na hajawahi kuonja pombe maisha yake, lakini duka la jirani walinikatalia kunikopesha unga wakisema hela yote si inaishia kilabuni. Nililia siku hiyo, kwa hiyo najua unachosikia.

Kitu kimoja kilichotusaidia, hatoki uwanjani na uso wa jukwaani. Mi naenda na dumu la maji la lita tano, kitambaa na mafuta ya nazi, wanja hautoki kwa maji peke yake, pakaza mafuta kwanza usubiri kidogo ndo ufute, unatoka wote. Anabadilisha nguo pale pale, watu wanamuona anavyogeuka kuwa baba fulani wanayemjua.

Huyo mtoto mkalishe wakati mama yake anapakwa rangi. Ampake yeye mwenyewe kama anataka, na yule kaka wa igizo aje nyumbani ale naye. Wangu alikuwa anaogopa hivyo hivyo, akaacha baada ya kushika ile chupa akaona ni chai ya rangi.

Kaka Mkuu09
Mke wa mtu anashikwa na mwanaume mwingine mbele ya watu na wewe umekaa na daftari. Mtoe. Ndoa ina heshima yake.

Mstaafu wa Jukwaa
Kaka Mkuu, nakuelewa hilo neno linakotoka, na wala si geni. Miaka ya themanini na tisini hapa Dar maigizo watu wengi tuliyaona kwenye kumbi na baa, vikundi kama Muungano, baadaye TOT, yaani Tanzania One Theatre, kuanzia 1992, usiku mmoja unapewa ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarab, meza zimejaa bia. Mwanamke aliyepanda pale alionekana wa baa hata kama alifika saa mbili na kuondoka na mumewe saa sita. Dada zetu wengi wazuri kwenye kazi walikatishwa hivyo, nawakumbuka kwa sura. Lakini anachofanya mama Nasri ni kitu kingine, mchana kweupe, uwanjani, watoto wamekaa chini.

Baba Nasri, hiyo kazi yenu ni ile ya sanaa shirikishi. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanya Malya kule Mwanza mwanzoni mwa miaka ya themanini, wanakaa na wanakijiji, wanakijiji wenyewe wanasema tatizo letu ni mimba za watoto wa shule, wanaliigiza, alafu linajadiliwa na wote waliopo. Yale majadiliano ndo nusu ya kazi. Nahisi kikundi chenu wanayakimbiza au wanayaruka kwa sababu giza linaingia. Igizo likikatika kwenye kipigo watu wakaenda nyumbani, wanaondoka na kipigo. Waambie waanze mapema, mwezeshaji awasimamishe waigizaji wote mmoja mmoja waseme mimi ni nani, naishi wapi, na wewe ukiwepo usimame. Alafu ndo awaulize watu, huyu mama angefanyaje?

Na mistari ya kupigana msikaririe chumbani kijana wangu. Isomeni kwa sauti ya chini kama mnasoma gazeti, sauti itafutwe darasani kwenye mazoezi.

Baba Nasri
Nimerudi wakuu. Kwanza asanteni, mzee shikamoo. Jumapili nilimwambia mke wangu yote. Alinyamaza muda mrefu, alafu akasema alijua, gengeni alikuwa anayasikia kabla yangu, hakuniambia akiogopa nitasema aache. Yaani tulikuwa tumelala kitanda kimoja kila mtu na la kwake.

Sasa kuna jambo jingine lililotoka hapo. Ameniambia kuna dada nyumba ya tatu kutoka kwetu, alimfuata usiku wiki iliyopita, akamshika mkono akasema mama Nasri mi najua na wewe unapigwa kama mimi, ndo maana nimekuja kwako. Mke wangu hakumkatalia. Alimuacha aongee mpaka amalize. Huyo dada hana igizo, mgongo wake una alama kweli. Mke wangu tangu siku hiyo halali vizuri, anauliza amwambie nini, na mi sijui. Msaada.

Nesi wa Zamu
Baba Nasri, mwambieni kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, askari wa pale wamefundishwa hayo mambo, anakaa pembeni na askari mmoja, haongelei kaunta mbele ya watu. Kama ana majeraha wampe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ndo aje nayo hospitali, na asifue nguo alizovaa siku hiyo. Akiwa ameumia vibaya aje hospitali kwanza, PF3 itafuata. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii wote sehemu moja, akifika kwetu huku tunamuelekeza. Asiende peke yake, wengi wanaoenda peke yao wanarudia njiani. Na msimfuate mumewe kumsema, atakayeumia ni yeye.

Baba Nasri
Asante sana nesi. Wamekubaliana kesho saa mbili asubuhi, wanatoka kama wanaenda kuchukua nyanya sokoni. Mke wangu anaenda naye. Mi nabaki gengeni na watoto, pamoja na wa kwake wawili.