MREJESHO: Mafuta ya karafuu ndani ya hamira

Wakuu, niliuliza namna ya kuyahifadhi mafuta ya karafuu yasipoteze harufu upesi. Mlinielekeza kuyafungia ndani ya seli za hamira ya mkate, na imekubali! Nilikoroga hamira, maji na mafuta kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 40 hivi, nikaosha, nikakausha. Kwenye hadubini, seli zenye upana wa maikromita 5 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) zinaonyesha tone linalong'aa ndani. Aliyehofia kwamba karafuu itaua hamira asiwe na shaka: hata seli iliyokufa hupokea mafuta, maana kinachoyashikilia ni ukuta wake na utando. Unga huo wa hamira ukiwa mkavu haunukii sana. Ukiulowesha tu, harufu inajaa chumba. Nawashukuru mno. Sasa naujaribu kwenye biskuti.