Mzee karudi kutoka Somalia ila ni kama bado yuko huko

Wadau, bwanangu ni mwanajeshi, amerudi baada ya mwaka mzima, usiku halali, mlango ukigongwa anaruka, na katoto ketu kanamkimbia kanamwita "anko". Nifanyeje?

Jibu: Pole dada. Wangu alienda ile 2011 KDF (jeshi la Kenya) walipoingia Somalia mara ya kwanza, akarudi kimya kabisa. Usimlazimishe kuongea. Mtoto naye ataanza kumzoea polepole, wangu na mtoto walizoeana kwa kwenda dukani kununua mandazi kila asubuhi, miezi hiyo.

Jibu: Na marupurupu yakikatika ndo kelele zinaanza, pangeni bajeti mapema.

Jibu: Tangu El Adde, ile kambi ya KDF Somalia iliyoshambuliwa na Al-Shabaab Januari 2016, simu ya mume wangu ikizima siku mbili natapika. Hata sisi wake tunahitaji kaunsela jamani.

Muulizaji: Asanteni. Leo kamekubali kubebwa, kidogo tu.