Naomba ushauri: tope lenye zinki na risasi linakataa kuganda kwenye saruji

Ndugu wanakikundi, habari zenu. Ninashughulikia tope la kiwandani lenye zinki, risasi na kromu, ambalo tunalichanganya na saruji ya kawaida ili metali hizo zifungwe ndani ya matofali kabla ya kuzikwa kwenye jaa maalumu. Kromu ya valensi 6 tunaigeuza kwanza kuwa ya valensi 3 kwa salfeti ya chuma cha valensi 2, kwa kuwa saruji peke yake haiishiki vizuri. Upande huo sina malalamiko. Shida ni zinki, inayochelewesha mno kuganda, kiasi kwamba hata baada ya siku 28 tofali likikwaruzwa kwa ukucha linatoa unga. Nimepunguza maji na kuongeza saruji, likakaza kidogo, lakini pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) ya maji tunayolilowekea wakati wa kupima ikapita 12, na risasi, ambayo huyeyuka tena kwenye alkali kali, ikaanza kutoka kwa wingi.

Je, kuna aliyewahi kuongeza kloridi ya kalsiamu ili saruji igande licha ya zinki? Na je, nikibadilisha sehemu ya saruji kwa majivu laini ya makaa ya mawe, pH itashuka bila tofali kudhoofika zaidi?